Aliyehesabu Nyota Apewe Haki Yake

Katika mazungumzo yetu ya siasa neno "kigeugeu" ni tusi. Twamwita hivyo mtu ambaye leo yu pamoja nasi na kesho yuko kwingine, asiyeweza kutegemewa kwa neno wala kwa tendo. Lakini angani zimo nyota nyingi ambazo mwanga wake hugeuka, mara ukapungua, mara ukazidi, na baadhi yake hushika saa kuliko gari la moshi. Wenye elimu ya falaki huziita nyota geugeu. Na zile ambazo mwanga wake hupungua kwa sababu nyota moja hupita mbele ya mwenzake, huitwa nyota pacha za kupatwa, kama tusemavyo juu ya kupatwa kwa jua na mwezi.

Huenda msomaji akauliza: ukurasa huu, uliozoea kusema juu ya mishahara, mashamba na bei ya unga, una haja gani na nyota? Jibu letu ni fupi. Habari ya nyota hizi ni habari ya kazi. Ni habari ya watu waliokesha, wakatazama, wakahesabu na kuandika, kisha kesho yake wakaandika tena. Na ni habari ya namna dunia ilivyowalipa. Kwa hiyo yawahusu wafanya kazi kama iwahusuvyo habari nyingine yoyote ya ujira na haki.

Na tuanze na nyota moja. Katika kundi la Perseus imo nyota iitwayo Algol. Jina hilo limetoka katika Kiarabu, ra's al-ghul, maana yake kichwa cha zimwi. Kwa kawaida Algol hung'aa kama nyota kubwa za jirani zake. Lakini kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hufifia hata mwanga wake usifike thuluthi moja ya ule wa kawaida, kisha hurudi kama ilivyokuwa. Shughuli yote hiyo, kufifia na kurudi, huchukua kama saa 10.

Mtu aliyeipimia Algol saa yake alikuwa kijana wa mji wa York, Uingereza, jina lake John Goodricke. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mwaka 1782, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kuitazama nyota hiyo usiku baada ya usiku, akishirikiana na jirani yake Edward Pigott. Mwaka 1783 alipeleka habari zake London, mbele ya Chama cha Kifalme cha wataalamu, akasema kwamba huenda kipo kitu kisicho na mwanga kinachoizunguka Algol na kuiziba. Mwaka huo huo alipewa Nishani ya Copley. Alifariki dunia mwaka 1786, hajatimiza miaka 22. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya Hermann Vogel, huko Potsdam katika Ujerumani, kuuchambua mwanga wa Algol mwaka 1889 na kuthibitisha kwamba kweli zipo nyota mbili zinazozungukana.

Goodricke alikuwa mtoto wa nyumba yenye mali, nasi hatutamfanya kuwa mkulima. Lakini silaha zake za kazi zilikuwa zipi? Macho, saa na daftari. Mtu alinganishe nyota na majirani zake, aseme ni ipi iliyozidi na ipi iliyopungua, aandike usiku na saa, basi. Kazi hiyo haihitaji utajiri, yahitaji uaminifu. Friedrich Argelander, mtaalamu wa Kijerumani, alilielewa jambo hili. Mwaka 1844 alitoa mwito kwa watu wote wapendao nyota, wasio na vyeo wala majumba ya darubini, wamsaidie kuziangalia nyota geugeu, maana wataalamu peke yao hawangeweza. Mwaka 1911 watu wa namna hiyo waliunda chama chao katika Marekani, chenye kukusanya hesabu za watazamaji, na chama hicho kingali chafanya kazi, kikipokea hesabu kutoka pande zote za dunia.

Kuna wasemao kwamba kuhesabu vimulimuli vya angani ni mchezo wa watu walioshiba. Sisi hatukubali. Nyota haiwezi kuwekwa katika mizani. Lakini nyota mbili zinapozungukana, muda wa mzunguko wao na mwendo wao hutuonyesha uzito wa kila moja, na muda wa kupatwa kwao hutuonyesha ukubwa wake. Nyota pacha za kupatwa ndizo mizani na futi ya falaki. Karibu yote tuyajuayo juu ya umri wa nyota na mwisho wake, hata ya jua letu linaloivisha mtama na mpunga, yamejengwa juu ya vipimo hivyo.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Mwishoni mwa karne ya 19, chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuzipiga picha nyota juu ya mabamba ya vioo, na mabamba hayo yalifikia karibu nusu milioni. Kila bamba lilikuwa na vidoa maelfu, na kila kidoa ni nyota. Nani angevipima? Mkuu wa nyumba ya darubini, Edward Pickering, aliajiri wanawake. Waliitwa wahesabu, na wengi wao walilipwa senti 25 kwa saa.

Mmoja wao, Williamina Fleming, alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857. Alivuka bahari pamoja na mumewe, na mume akamwacha angali mja mzito. Akapata kazi ya mtumishi katika nyumba ya Pickering. Kutoka kupangusa meza za tajiri wake aliingia katika vioo vya nyota, na kabla ya kufa mwaka 1911 alikuwa amegundua nyota geugeu zaidi ya 300 na kuwasimamia wanawake wenzake. Mwaka 1900 aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu malalamiko ambayo mfanya kazi yeyote atayaelewa: yeye alilipwa dola 1,500 kwa mwaka, hali wanaume fulani pale pale walipata dola 2,500. Alikuwa na nyumba ya kutunza na mtoto wa kusomesha kama wao.

Wa pili ni Henrietta Leavitt, ambaye naye, kama Goodricke, alipotewa na usikivu. Yeye alipewa mabamba ya Mawingu ya Magellan, yale mawingu mawili ya nyota yaliyo katika anga la kusini. Mawingu hayo hayaonekani kutoka Harvard. Picha zilipigwa Arequipa, katika milima ya Peru, kisha vioo vikasafirishwa kwenda kaskazini. Mwaka 1908 Leavitt alitangaza orodha ya nyota geugeu 1,777 za Mawingu hayo, na akaona jambo: zile zenye kung'aa zaidi ndizo zenye kuchukua muda mrefu zaidi kugeuka. Hizi si nyota za kupatwa. Ni nyota ambazo kila moja huvimba na kunywea yenyewe. Mwaka 1912, kwa nyota 25, alionyesha kwamba hiyo ni kanuni.

Na tueleze uzito wa kanuni hiyo kwa mfano wa hapa kwetu. Ukisimama ufukoni usiku ukaona karabai za wavuvi baharini, huwezi kujua kama taa hafifu ni hafifu kweli au iko mbali tu. Lakini kama wajua kwamba mashua zote zimetia nanga mahali pamoja, basi tofauti za mwanga ni tofauti za taa zenyewe. Mawingu ya Magellan ni kama mashua hizo: nyota za Wingu moja ziko mbali na sisi kwa kadiri moja. Hivyo Leavitt aliweza kujua nguvu ya taa kwa kuhesabu siku zake za kugeuka. Na ukiijua nguvu ya taa, waweza kuhesabu iko umbali gani, popote utakapoiona. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliona nyota ya aina hiyo katika wingu la Andromeda, akatumia kanuni ya Leavitt, na dunia ikajua kwamba Andromeda ni mkusanyo mwingine wa nyota, mbali kabisa nje ya huu wetu.

Hubble alisifiwa, na alistahili. Leavitt je? Alilipwa senti 30 kwa saa, senti 5 kupita wenzake. Taarifa ile ya mwaka 1912 ilitoka chini ya jina la Pickering, ingawa, kwa kusema haki, Pickering mwenyewe aliandika mwanzoni kwamba imetayarishwa na Leavitt. Tena yeye ndiye aliyewafungulia wanawake mlango ambao wengine waliufunga. Leavitt alifariki Desemba 1921. Mwaka 1925 mtaalamu wa hesabu wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Hakuwa na habari kwamba mwenye kuandikiwa yumo kaburini kwa zaidi ya miaka mitatu. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Leavitt alivumilia, na mbivu zikaliwa na wengine.

Hata Algol yenyewe yafanana na habari hii. Wataalamu wamekwisha kutambua kwamba ile nyota hafifu, inayoiziba nyingine, hapo zamani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Mali yake imemwagika kwa mwenzake, naye mwenzake leo ang'aa kwa mali hiyo. Watazamaji humsifu ang'aaye, na yule aliyetoa huitwa giza.

Wako watakaosema: hayo ni ya kale, leo kazi yafanywa na mashine. Ni kweli kwamba mashine zimefanya makubwa. Orodha kuu ya nyota geugeu iliyotolewa Moscow mwaka 1948 na Kukarkin na Parenago ilikuwa na nyota zipatazo 10,800, na watu waliiona kuwa ni kazi kubwa sana. Mwaka 2022 chombo cha Gaia, kilichorushwa na nchi za Ulaya, kilitupatia nyota pacha zinazodhaniwa kuwa za kupatwa zaidi ya milioni 2 kwa mara moja. Lakini mashine hizo zilifundishwaje kuitambua nyota ya kupatwa? Zilifundishwa kwa mifano iliyochukuliwa katika orodha za zamani, zilizojazwa na watu nyota kwa nyota. Haba na haba hujaza kibaba. Na anayekuja na gunia asimcheke aliyeanza na kibaba.

Tena liko jambo ambalo mashine haiwezi kulifanya: haiwezi kurudi nyuma kuutazama usiku uliopita. Nyota pacha hubadilisha muda wa mzunguko wake polepole, kwa kupeana mali au kwa kuvutwa na nyota ya tatu. Atakaye kuyajua mabadiliko hayo sharti awe na saa zilizoandikwa zamani, na hapana darubini, hata ingegharimu fedha kiasi gani, iwezayo kuutazama usiku wa mwaka 1783. Daftari la mtu mwaminifu ndilo pekee lililobaki. Likitupwa, usiku ule umepotea milele.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, kazi ya kuhesabu na kuandika isidharauliwe. Karani wa bohari anayeandika magunia, muuguzi anayeandika joto la mgonjwa saa nane za usiku, na mwanafunzi anayepima mvua katika kibuyu cha shule, wote hao wanajenga elimu ya taifa, wala si wasaidizi wa elimu. Pili, jina la aliyefanya kazi liandikwe juu ya kazi yake, na ujira wake ulingane na kazi, si na jinsia wala cheo. Shukrani inayofika baada ya mazishi haimlishi mtu. Tatu, madaftari yatunzwe. Mara nyingi tumeona kumbukumbu za miaka mingi zikifungiwa samaki sokoni. Huo ni wizi tunaowafanyia wajukuu wetu.

Na kwa msomaji anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, hahitaji kununua chochote. Mwishoni mwa Desemba, kwenye saa tatu usiku, asimame Dar es Salaam mahali penye giza, aelekee kaskazini. Algol itakuwa imepanda karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho kufika utosini. Ailinganishe na Almach, nyota iliyo upande wake wa kushoto, ambayo mwanga wake karibu ulingane nayo. Aandike tarehe, saa na alichokiona, kisha arudie usiku wa pili na wa tatu. Usiku mmoja ataikuta Algol imefifia, na ataelewa kilichomfanya yule kijana wa York akeshe.

Kisha, chini ya maandishi yake, atie jina lake.