Kiti Kilichofunikwa Kitambaa Cheusi

Jaji Antonin Scalia alifariki dunia Texas Februari 13, 2016. Kiti chake katika Mahakama ya Juu ya Marekani kikafunikwa kitambaa cheusi, kama ilivyo desturi. Siku ileile ya msiba, Mitch McConnell, kiongozi wa wengi katika Seneti, akatangaza kuwa nafasi hiyo isijazwe na Rais Barack Obama. Imsubiri rais ajaye.

Ikulu ilikuwa ya Democratic, Seneti ya Republican wenye viti 54. Machi 16 Obama alimpendekeza Jaji Merrick Garland, naye akaanza kupiga hodi katika ofisi za maseneta. Mwezi Aprili Chuck Grassley, mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, alimkaribisha kifungua kinywa. Walikula pamoja, na hapo mezani Garland akaelezwa kwamba hatahojiwa. Siku 293 tangu apendekezwe zikapita bila kikao wala kura.

Watetezi wa McConnell husema Seneti, yenye mamlaka ya kuridhia uteuzi wa rais, ina mamlaka ya kukataa pia. Ni kweli, ila kukataa kuna namna yake.

Mwaka 1987 Seneti ya Democratic ilimkataa Robert Bork, chaguo la Rais Ronald Reagan kwa mahakama hiyohiyo. Alihojiwa hadharani, kamera zikiwaka, kisha akaangushwa kwa kura 58 dhidi ya 42. Kila seneta aliacha kura yake kwenye kumbukumbu, na wapiga kura wake wakajua amesimama wapi. Baadaye Reagan akaleta jina la Anthony Kennedy, likapita kwa kura 97 bila pingamizi. Mihimili ilivutana, na kiti kikapata mtu. Mwaka 2016 kilichozuia uteuzi ni kimya, na kimya hakina wa kuulizwa.

Mwanya ni kwamba Katiba ya Marekani haikuweka muda wa Seneti kujibu. Kenya nayo imewahi kuonja adha ya namna hiyo: majaji 41 walipendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta akateua 34 Juni 2021, na sita kati ya waliobaki wakasubiri hadi William Ruto alipoingia madarakani Septemba 2022.

Nayo hoja ya McConnell ya kumsubiri rais ajaye haikudumu. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa mahakama hiyo alipofariki Septemba 2020, Ikulu na Seneti zote zikiwa za Republican, Amy Coney Barrett alithibitishwa kushika nafasi yake Oktoba 26, siku 8 tu kabla ya uchaguzi wa rais.

Seneti iwekewe ukomo, tuseme siku 90, ipige kura ya ndiyo au hapana. Machi 2021 jina la Garland lilirudi humohumo, safari hii kwa uwaziri wa sheria. Kura zikapigwa: 70 kwa 30. Miongoni mwa waliosema ndiyo alikuwamo Mitch McConnell.