Kabla ya kwenda Uingereza kumtafuta babu, mkaeni bibi kwanza

KATIKA familia nyingi za Tanzania yupo babu ambaye habari zake huishia njiani. Alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akiwa kijana, akapanda treni kwenda pwani, akavuka bahari. Waliobaki wana maneno mawili tu ya kushika: Keya na Burma. Binti aliyemwacha akiwa mdogo sasa ni bibi wa miaka zaidi ya 80, na bado hajui baba yake alizikwa wapi.

Wajukuu wa bibi huyo leo wana pasipoti. Wengine wana ndugu anayefanya kazi London au Birmingham, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo limeshatolewa wazo: likizo ijayo watu wachange, wawili au watatu waende Uingereza kwenye jengo la kumbukumbu za taifa, wamtafute babu.

Wazo ni zuri. Lakini safari hiyo ni ghali, na mtu anaweza kurudi na picha za daraja la London bila hata mstari mmoja kuhusu babu. Si kwa sababu karatasi hazipo, bali kwa sababu alikwenda na jina moja tu mkononi.

Kilichoko kule ni nini hasa

Kumbukumbu za Taifa za Uingereza ziko Kew, magharibi mwa London, karibu na kituo cha treni cha Kew Gardens. Humo kuna mafaili ya serikali ya kikoloni. Barua kati ya Tanganyika na London ziko kwenye fungu linaloitwa CO 691. Za Kenya ziko CO 533. Shajara za vita za vikosi vya Vita ya Kwanza ya Dunia, pamoja na vile vilivyopigana Afrika Mashariki, ziko WO 95. Za vikosi vilivyopigana Burma katika Vita ya Pili ziko WO 172.

Familia nyingi hutarajia kukuta faili lenye jina la babu, picha yake na jina la mama yake. Kwa askari wa Kiafrika faili la namna hiyo ni nadra. Shajara ya vita huandika habari za kikosi kizima: leo kimelala wapi, kimevuka mto gani, wangapi wameumia. Maofisa Wazungu hutajwa kwa majina. Askari wa Kiafrika mara nyingi ni hesabu tu.

Maana yake ni kwamba anayejua kikosi cha babu anaweza kumfuata karibu siku kwa siku. Anayejua jina peke yake atakaa mbele ya maboksi hana pa kuanzia. Namba ya utumishi na jina la kikosi haviko Kew vikimsubiri. Vikiwapo, viko nyumbani.

Anza na aliye hai

Karatasi zilizohifadhiwa vizuri zitakuwapo mwakani. Bibi mwenye miaka 86 hana uhakika huo. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya kijijini, na iwe kabla ya kuchanga nauli.

Mazungumzo na mzee yana utaratibu wake. Asubuhi baada ya chai ni bora kuliko jioni akiwa amechoka. Nusu saa inatosha kwa siku. Avae miwani yake, redio izimwe, na anayeuliza akae mbele yake ili amwone midomo, kwa kuwa wazee wengi husikia kwa shida bila kusema. Aombwe ruhusa kabla ya simu kuanza kurekodi. Akichanganya miaka asikatizwe wala kusahihishwa. Mzee anayesahihishwa kila mara huishia kusema hakumbuki.

Maswali ya tarehe huleta majibu machache. Maswali ya vitu huleta mengi. Baba aliondoka msimu gani, wa kulima au wa kuvuna? Aliondoka na nani wa jirani? Barua zilisomwa na nani? Kuna sanduku lake? Ndani ya sanduku mara nyingine kuna cheti cha kumaliza jeshi, kitabu cha malipo au bahasha ya zamani. Namba iliyoandikwa hapo ndiyo ufunguo wa Kew. Ipigwe picha siku hiyohiyo.

Yaandikwe majina yote ya babu: la utotoni, la ubatizo au la Kiislamu, la baba yake, la ukoo, na la utani. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Jina lenye "ky" linaweza kuwa limeandikwa kwa "ch", na "l" ikawa "r".

Kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaitegemei. Hospitali kila siku daktari anauliza, "Kwenu kuna mwenye kisukari? Shinikizo la damu? Seli mundu?" na mzazi kijana anajibu hajui. Bibi anajua, ila hatumii majina ya hospitali. Atasema mdogo wake alikuwa akivimba vidole na kulia usiku, akafa kabla ya kuota meno ya ukubwani. Atasema shangazi aliamka upande mmoja hausikii. Maneno hayo yaandikwe yalivyo na yapelekwe kwa daktari. Kwa seli mundu jambo hili si dogo: wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Habari ya namna hiyo haimo katika faili lolote la Kew.

Milango ya hapa nyumbani

Baada ya bibi zinafuata ofisi za hapa. Daftari za ubatizo na ndoa mara nyingi zimebaki parokiani au usharikani, hazikuvuka bahari. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Dar es Salaam, na humo kuna mafaili ya wilaya ya wakati wa Mwingereza pamoja na ya Mjerumani. Kwa Zanzibar nyaraka ziko Kilimani. Kwa wenye asili ya Kenya, ziko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki. Kupiga simu kwanza kuuliza taratibu na vibali kunaokoa nauli.

Kama babu alikuwa askari au mpagazi wa Mjerumani, London siyo mahali pa kwanza. Mafaili ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yako Berlin, katika fungu R 1001, na mengi yameshawekwa kwenye intaneti. Anayeyatafuta ajue kwamba majina ya miji yalikuwa mengine: Lushoto iliandikwa Wilhelmstal, Tukuyu ikaandikwa Neu-Langenburg, Kasanga ikaitwa Bismarckburg. Na mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa wakati ule unawashinda hata Wajerumani wengi wa leo.

Tafuta kwanza kwa simu

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kwa herufi CWGC, ina orodha ya bure kwenye tovuti yake. Mtu huandika jina, nchi na vita, akaona mnara au kaburi. Atafute kwa "King's African Rifles" au "East African", kwa maana neno Keya halimo.

Orodha hii imewajibu wengi ambao wazee wao walizama na meli Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawana makaburi, lakini majina yao yako kwenye mnara katika makaburi ya vita Nairobi. Familia ya namna hiyo haihitaji viza ya Uingereza. Inahitaji basi la Nairobi.

Kwa wapagazi wa Vita ya Kwanza, wale ambao jina la Kariakoo linawakumbusha, hali ni ngumu zaidi. Ripoti ya CWGC ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukoo ukikosa jina la babu wa vita hivyo usijilaumu kwamba haukutafuta. Halikuandikwa.

Kumbukumbu za Kew nazo zina katalogi ya bure mtandaoni. Namba ya kila faili linalotakiwa inaweza kupatikana kutoka Mbeya au Tanga. Yakiwa mafaili mawili tu, kuagiza nakala kwa malipo kunaweza kuwa nafuu kuliko nauli ya mtu mmoja.

Ikibidi kwenda

Viza ya kutembelea Uingereza huombwa kwenye intaneti, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Kwa kawaida majibu huchukua wiki 3 baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Tiketi ya ndege isilipwe kabla ya viza.

Kuona mafaili halisi Kew kunahitaji kadi ya msomaji. Kadi ni bure, lakini mtu lazima aonyeshe uthibitisho wa jina na uthibitisho wa anwani. Pasipoti inatosha kwa jina. Anwani ndiyo huwakwamisha watu, hivyo aende na taarifa ya benki au leseni yenye anwani. Jengo hufungwa Jumapili na Jumatatu. Mafaili yaagizwe kabla ya siku yenyewe. Ndani ni penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Chakula, maji na koti hubaki kabatini. Simu inaruhusiwa ikiwa kimya, na kupiga picha za kurasa bila mwanga ni bure.

Mwanzo wa kila faili ipigwe picha ya jalada na namba yake. Bila hivyo, wiki moja baadaye hakuna atakayejua ukurasa umetoka wapi.

Chumba cha kusomea si mahali pa mtoto wa miaka mitano. Zikienda familia zenye watoto, mzazi mmoja asome na mwingine awapeleke watoto Imperial War Museum, ambako kiingilio ni bure.

Kwa upande wa afya, bima ya safari isirukwe. Mgeni akiugua ghafla Uingereza, huduma ya chumba cha dharura ni bure, lakini akilazwa anatozwa, na kiwango chake ni asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Mwenye presha au kisukari abebe dawa za safari nzima na siku kadhaa za ziada, ndani ya pakiti zake, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari. Katika ndege anyanyuke atembee mara kwa mara ili damu isigande miguuni.

Habari ikiwa chungu

Karatasi haibembelezi. Huenda babu alitoroka jeshini. Huenda alifungwa. Huenda kuna mke mwingine aliyelipwa mafao. Au kuna neno moja tu la Kiingereza lenye maana kwamba hajulikani alipo.

Kabla ya kurusha picha kwenye kundi la ukoo, aambiwe bibi kwanza, ana kwa ana, na mtu anayempenda. Aulizwe anataka kujua kiasi gani. Wapo watakaotaka kila kitu, na wapo watakaoridhika kusikia kwamba baba hakuwasahau, alikufa. Asiachwe peke yake siku hiyo. Na akitaka kusomewa dua au misa, isingoje mwakani.

Nauli ikishindikana mwaka huu, kazi haijasimama. Simu yenye chaji, daftari na Jumamosi moja kwa bibi havihitaji viza.