Tela lenye taa zilizozimika: madai tunayoyasikia na majibu yake

Mchomeleaji hodari anaweza kukuundia tela zuri kwa ekseli ya gari kuukuu, likabeba mpunga na mawese kutoka Kasongo hadi Kabambare, huku kwetu Maniema, bila kuyumba. Linaloliangusha ni taa. Zikizimika njiani, ushauri unaotolewa ni uleule kila mara, na mwingi wake unapoteza fedha na kuhatarisha watu.

"Ampuli imekufa, tia ingine." Ampuli hufa, ni kweli. Lakini ukikanyaga breki na indiketa nayo ikang'aa kidogo, au kila taa ikiwaka vizuri peke yake na zote zikafifia zinapowashwa pamoja, usinunue kitu. Hapo ugonjwa ni masi, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye betri. Wengi huiacha masi ipite kwenye chuma cha tela, kisha kwenye kiungio cha kuvutia. Kiungio hicho kina grisi, kutu na vumbi jekundu la kiangazi, na tela likirukaruka kwenye mashimo huwa kinagusa na kuachia. Umeme ukikosa njia yake hupitia kwenye ampuli nyingine, ndiyo maana taa isiyohusika inawaka. Funga waya mrefu kwenye hasi ya betri, kisha ncha yake ya pili iguse chuma kinachoshika ampuli. Taa ikikolea, umepata kosa. Dawa ni waya wa masi wa peke yake, mnene kuliko mingine yote, kutoka kwenye soketi hadi kwenye fremu ya tela. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti, kisha paka grisi juu yake. Kwenye soketi ya kawaida ya pini saba, masi ni pini namba 3, yenye waya mweupe.

"Mita imeonyesha volti 12, basi waya ni mzima." Dai hili huwapotosha hata mafundi makini. Mita hunywa umeme kidogo mno, kwa hiyo waya ulioozea ndani na kubaki na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12. Ampuli ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 1.75, na uzi huo hauwezi kuzipitisha bila volti kushuka. Pima taa ikiwa imewashwa. Au chukua ampuli, ifunge nyaya mbili, uitumie kama kipimo. Fundi asiye na mita hapungukiwi na kitu hapa.

"Waya wowote unapitisha umeme." Unapitisha, ila kwa hasara. Mita 10 za waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, zikilisha taa mbili za breki, hula zaidi ya volti 1 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi ikiwa masi nayo ni nyembamba. Breki inawaka kama taa ndogo na anayekufuata haoni tofauti. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba.

"Fyuzi ikikatika, funga waya wa shaba." Hili napinga kwa nguvu zangu zote. Breki, taa ndogo na indiketa zote za tela zikiwaka kwa pamoja hazifikishi ampea 8. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika, kuna waya unaogusa chuma. Chomoa soketi ya tela: fyuzi mpya ikidumu, kosa liko kwenye tela. Tafuta kwanza kwenye matundu ya fremu ambako waya umepita bila mpira wa kuukinga, na karibu na sehemu zilizochomelewa baada ya waya kupitishwa. Waya wa shaba hautakatika. Utakaoungua ni mfumo wa nyaya, chini ya madumu ya petroli.

"Vuta kwa lori, zitawaka zaidi." Malori mengi makubwa yana volti 24. Ampuli za volti 12 zitang'aa sana, kisha zitakatika.

"Njia yetu haina polisi, taa ya nini?" Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, kanuni ya barabara ya nchi yetu, haikuiacha Maniema nje. Lakini tuseme sheria haipo. Huku giza huingia mapema mwaka mzima, na barabarani kuna watu wanaosukuma baiskeli zilizojaa mizigo na madereva wa pikipiki waliopakia mama na mtoto. Tela lililokwama gizani bila taa hawalioni mpaka wamelifikia. Bandika nyuma viakisi viwili vyekundu vya pembetatu, kwa sababu havihitaji waya wala betri.

Na kabla ya kutoka Kasongo, mwombe mtu asimame nyuma ya tela. Washa taa ndogo na indiketa, kanyaga breki, vyote kwa wakati mmoja. Akikuambia taa moja imefifia, usiondoke: anza na masi.