Shingo ya Mama si Bomba la Maji

Kila kiangazi picha ni ile ile: mama wa Kitui au Makueni ameinama, mtungi wa lita 20 mgongoni, mukwa umemkaza kipajini. Chini yake vijana wa Nairobi wanaandika, "Wamama wa Ukambani wana nguvu, bana!" Sifa hiyo imenichosha.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake, waliopima oksijeni wanayotumia wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini, kama mukwa wetu. Walikuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzani wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ajabu kweli. Lakini piga hesabu: kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Mtungi uliojaa ni kilo 20 na ushee. Kilo nane zinazobaki anazilipia mwenyewe, akipanda kutoka mtoni, hata akiwa na mimba.

Na shingo haizaliwi hivyo. Inafundishwa. Msichana anaanza na kidumu cha lita tatu, kesho cha tano. Kaka yake akitumwa maji anapewa punda. Akikua ananunua bodaboda, na maji yanapata bei. Mto ni ule ule, shimo la mchangani ni lile lile. Kama ni mambo ya misuli, mbona mwenye misuli ndiye anayepewa punda?

Simone de Beauvoir alishasema mwaka 1949 kwamba mwili wa mwanamke tuusome kama hali anayoishi, si kama hukumu ya maumbile. Mtasema hayo ni ya Wafaransa. Sawa, basi nendeni Mto Tiva mwezi wa tisa. Mchanga ukizidi kukauka shimo linazidi kwenda chini, na mgongo unalifuata.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inaahidi maji safi ya kutosha. Lakini nani atakuwa na haraka ya kuvuta bomba penye shingo za bure, tena zinazopigiwa makofi? Picha ijayo mkiipost, wekeni pia umbali kutoka mtoni hadi jikoni, na jina la MCA wa hapo.