Chombo cha shamba: tuangalie njia na fundi, si rangi

Mvua zikirudi, mjadala unarudi pia katika vyama vya wakulima wa Kivu: na pesa kidogo tuliyochanga, tununue chombo gani cha kutoa mazao shambani? Wengine wanataka pikipiki ya magurudumu matatu. Wengine wameona kwenye simu zile pikipiki za magurudumu manne, kwadi, ambazo watu wa Kanada wanasukumia theluji mbele ya nyumba na kuvutia kuni. Wanasema: kama inashinda theluji, matope ya Masisi itayashinda.

Swali ni zuri, lakini wengi wanalijibu kwa macho tu. Wanachagua kwa rangi na kwa ukubwa wa injini. Baada ya miezi michache chombo kinalala nyuma ya depo, kinangoja kipuri.

Tuseme ukweli kuhusu kwadi. Nguvu inayo: mipira yake ni mipana, ina upepo kidogo, haizami haraka, na nyingi zinasukumwa na magurudumu yote manne. Lakini imeundwa kwa mtu mmoja mwenye kiwanja chake, anayevuta kigari kidogo polepole. Ikiwa mpya, inauzwa maelfu ya dola huko huko Marekani, kabla ya usafiri na forodha. Na ikivunjika huku Lubero, fundi gani ana vipuri vyake?

Ya magurudumu matatu inabeba mifuko mingi kwa safari moja. Injini yake inafanana na ya pikipiki za wamotari wetu, kwa hiyo fundi wa kijiji anaifahamu. Katika uwanda wa Ruzizi, njia ikiwa kavu, inasaidia sana. Milimani ni hadithi nyingine. Nguvu inaenda kwenye magurudumu ya nyuma tu, na lile moja la mbele linazama matopeni. Kwenye mteremko, mifuko ikipangwa juu sana, inapinduka. Tena tunaona watu wakipanda juu ya mzigo: hapo ajali ya maharagwe inageuka msiba.

Pikipiki ya kawaida inabeba kidogo, lakini inapita penye njia ya mguu, na vipuri vyake vinauzwa karibu kila soko. Hata chukudu tusiidharau. Goma haikukosea kuijengea sanamu: hainywi esansi, na fundi wake ni seremala.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata dola moja, chama kitembee njia yenyewe, siku ya mvua. Kijue siku ya soko kuna kilo ngapi za kutoa. Kiangalie daraja la miti linaweza kubeba uzito gani. Kitafute fundi wa karibu aliyekwisha kufungua injini ya aina hiyo. Kisha kiulize nani atalipa esansi, mafuta ya injini na mipira kila mwezi. Chama kisicho na jibu la swali hilo la mwisho kinunue kitu kidogo zaidi.

Wafadhili na wanasiasa wanaopenda kukabidhi funguo mbele ya kamera, nao wasikilize. Zawadi isiyo na vipuri wala fundi aliyefundishwa inakuwa mzigo kwa aliyeipokea.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mashine hizi. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, uliowekwa kwa sheria mwaka 2008, unakusanya pesa kupitia bei ya mafuta. Mkulima anayejaza esansi ili kutoa viazi vyake anachangia. Ana haki ya kuuliza mbona njia ya kijiji chake haijaona hata jembe. Hakuna chombo, hata cha magurudumu manne, kinachoweza kuchukua nafasi ya mfereji wa maji na daraja imara.

Tukiendelea kubishana, mama zetu wanaendelea kupanda vilima na mfuko mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hao ndio wanaojua kila jiwe na kila shimo la njia. Katika mkutano wa kuchagua chombo, wapewe neno la kwanza, na wasiitwe tu siku ya kupiga makofi.