Spea ya Katwe Si Aibu, Aibu ni Kuificha



Hapa Kampala mtu akitaka kukidharau kitu husema kimetengenezwa Katwe. Watoto wetu wamelisikia neno hilo mpaka wakaliamini: kilichochongwa na fundi wa kando ya barabara ni bandia, na kilichotoka dukani ndani ya boksi ndicho cha kweli. Sisi tunaona mambo yamegeuzwa juu chini, na tungependa wazazi wenzetu walitafakari jambo hili kabla hawajatupa cherehani nyingine kwa kukosa kidude kimoja.

Tukumbushane kwanza historia. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini ndani ya siku 90, na maduka na viwanda vyao vikaangukia mikononi mwa watu ambao wengi hawakuwa na uzoefu wa kuviendesha. Miaka iliyofuata fedha za kigeni ziliadimika, na spea za kutoka nje zikawa hazipatikani, au zinapatikana kwa magendo kwa bei ya kutisha. Mashine nazo hazikuacha kuharibika. Ndipo mafundi wa Katwe na Kisenyi wakawa tegemeo la mji: chuma chakavu kilikatwa, kikapigwa, kikachongwa mpaka kikakaa mahali pake. Kazi hiyo haijafa. Nyundo za mashine za kusaga mahindi hukatwa kutoka kwenye springi za magari mabovu, kwa kuwa chuma cha springi ni kigumu na hakiliki upesi. Sigiri nyingi tunazopikia zilikuwa mapipa. Anayeidharau Katwe huku anakula posho hajui anachokula kimepita wapi.

Tukija kwenye dini yetu, katika Sahih Bukhari imo habari ya Anas bin Malik (r.a.) kwamba kikombe cha Mtume (s.a.w.) kilipopasuka, mahali palipovunjika paliungwa kwa cheni ya fedha. Hakikutupwa. Wala kiraka hakikufichwa, maana fedha juu ya mti huonekana na kila anayekishika. Na katika Surat Saba tunasoma kwamba Allah alimlainishia chuma Nabii Daud (a.s.), akamwamrisha atengeneze deraya na apime vizuri kuunganisha pete zake. Nabii, na chuma, na vipimo! Wanafunzi wetu wanaosomea uhandisi na kuona haya kushika tupa wairudie aya hiyo.

Sasa tuseme linalotuuma. Fundi anajua kwamba akimwambia mteja "hii nimeichonga mwenyewe", mteja atataka nusu ya bei au ataondoka zake. Muuzaji naye anajua kwamba spea ileile ikitiwa katika boksi lenye jina la Japani itanunuliwa bila ya maswali. Nani aliyewafundisha hivyo kama si sisi wanunuzi? Dharau yetu ndiyo inayolipia udanganyifu, kisha tunalalamika kwamba mji umejaa spea feki. Hatumtetei anayedanganya, dhambi yake ni yake. Lakini kumbukeni yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu chini. Mtu yule akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione. Nafaka iliyolowa haikuharamishwa kuuzwa. Kilicholaumiwa ni kuificha. Spea ya kuchongwa ni hivyohivyo.

Hata hivyo si kila kitu huchongwa. Mkanda wa cherehani ya miguu ukikatika, ukanda wa ngozi au wa tyubu ya baiskeli utaendesha kazi. Kishikio cha sufuria kinaweza kuwa cha mti, na kitufe cha redio kinaweza kuwa cha chochote. Jambo la kujiuliza ni moja: kitu hiki kikishindwa kazi, itakuwaje? Mkanda ukikatika, mama anasimama kushona. Basi.

Lakini fyuzi ni jambo lingine kabisa. Tumeziona nyumba ambazo fyuzi ya plagi iliungua, pakawekwa kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na pasi ikawaka, wote wakafurahi. Kazi ya fyuzi ni kuungua! Ile ya ampea 13 huyeyuka umeme ukizidi, ili waya wa pasi au wa friji usipate moto. Ukiweka kitu kisichoyeyuka, kitakachoungua ni waya wenyewe, pengine usiku watoto wamelala. Fyuzi ni bei ndogo sana kulinganisha na nyumba. Vilevile vali ya usalama ya presha kuka: imewekwa ifunguke mvuke ukizidi, na anayeiziba kwa kijiti au msumari ametega bomu jikoni. Na breki za boda boda, jamani, tusizibahatishie, maana mtoto wa mtu amepanda nyuma.

Likizo ndefu ya Desemba ikifika, tusiwaache vijana mbele ya televisheni siku nzima. Mpeni mmoja kile kidude kilichovunjika, wa kike au wa kiume, afuatane na mkubwa mpaka kwa fundi, asimame aone kinavyopimwa, kinavyokatwa, kinavyojaribiwa na kurudiwa. Mwombeni fundi aandike kwenye risiti: kimetengenezwa hapa, kwa chuma cha aina fulani, tarehe fulani. Na akishaandika hivyo, mlipeni bei aliyoitaja.

Wabillahi tawfiq.