Spika ihukumiwe baada ya kusikilizwa

Mwandishi, mengi nakubaliana nawe, ila uliposema sauti ikikosekana kwenye Linux basi fundi afungue mashine akague spika, hapo umeruka hatua. Kompyuta mpakato nyingi za Intel za miaka ya karibuni, hasa zenye maikrofoni za kidijitali, hupitisha sauti kwenye kichakataji maalumu, nacho hakiamki mpaka mfumo ukipakie programu dhibiti iitwayo Sound Open Firmware. Faili zake zisipokuwepo, mipangilio huonyesha "Dummy Output" tu, na spika nzima kabisa ikaonekana imekufa. Amri ya dmesg kwa kawaida hutaja faili iliyokosekana. Kwenye Debian dawa ni kifurushi cha firmware-sof-signed, na kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023 visakinishi rasmi havikuja na programu dhibiti zisizo huria, ndiyo maana malalamiko yalikuwa mengi. Ninyi wachangiaji wa hapo juu mnaouliza "mbona Windows inalia?", mnanisaidia hoja: ikilia huko, spika na waya wake ni vizima. Asiye na Windows awashe mashine kwa flashi yenye toleo jipya la Linux na ajaribu sauti humo, bila kusakinisha chochote. Na anayependekeza kulazimisha draiva ya zamani kwa chaguo la dsp_driver=1, sawa, spika mara nyingi hurudi, lakini maikrofoni ya ndani hupotea, sasa mkutano wa mtandaoni utaongea kwa ishara? Bisibisi ina haki yake pale mkwaruzo unaposikika kwenye kila mfumo huku hedifoni zikilia safi.